Tulikwenda Nairobi Kumtazama wa Nariokotome

Tulikuwa watu wanne. Mimi. Mke mwenzangu, aliyeolewa kabla yangu katika boma lile lile, kwa hiyo yeye ni mkubwa wangu ingawa umri wetu haukupishana sana. Shemeji yetu, mdogo wa marehemu mume wetu, ambaye ujanani alikuwa mlinzi wa duka huko Nairobi na tangu hapo hakuna kitu cha Nairobi asichokijua. Na mjukuu wetu, mwalimu wa shule ya msingi hapa Kakuma. Yeye amezaliwa na binti wa mke mwenzangu, lakini nyumba ni moja, na mgongo uliombeba alipoachishwa ziwa ni huu wangu. Wa tano ni mtoto wa kwanza wa mke mwenzangu. Huyo mimi simhesabu, lakini mama yake alimhesabu.

Majina yao wote ninayo, na ya baba zao, na ya madume ya ng'ombe ambayo wanaume wetu huitwa kwayo. Siyaandiki. Wengine hawapo tena, na ukimtaja asiyekuwepo bila kumtuma kazi, anageuka kukutazama. Kusoma nilisoma ngumbaro tu, darasa la watu wazima pale kanisani. Mjukuu amenyoosha herufi, maneno ni yangu. Tuliyosemezana njiani tulisema Kiturkana. Hapa nayaweka Kiswahili ili na watoto wa watu wengine wasome.

Sasa huyo wa tano. Mwaka ule wa ukame mkubwa, mume wetu alimtuma na mbuzi upande wa ziwa, kule Nariokotome, pamoja na vijana wa maboma mengine. Alikuwa ameshaanza kurefuka, miguu mingi kuliko mwili. Wavamizi wakatokea kaskazini, vijana wakatawanyika. Wenzake walirudi mmoja mmoja. Mbuzi wengine walirudi wenyewe, kiu imewaua macho. Yeye hakurudi, na hakuna aliyemwona akianguka.

Kwetu mtu akifa, watu wa boma hunyoa nywele zote, huvua shanga, na zikiota tena maisha yanaendelea. Mume wetu alisubiri mvua ipite, akaleta wembe. Mke mwenzangu akamuuliza, nani amemwona? Mume wetu akaurudisha wembe. Basi hatukunyoa. Mume wetu alikufa akimwacha mtoto huyo hai hivyo hivyo, hewani, bila mahali pa kukaa.

Na mtoto huyo, tangu apotee, alikuwa akipiga mbinja. Mimi hiyo ya baadaye sikuisikia kamwe, nasema kweli. Lakini mke mwenzangu alikuwa akikamua mbuzi jioni, mkono unasimama, kichwa kinainama upande, kisha anajibu kwa mbinja ileile ya kuita mbuzi, fupi fupi ndefu. Watoto wadogo walimzoea. Wageni walitazama huku na huku kumtafuta mchungaji.

Miaka ikapita, mtandio wake ukafunika mvi. Siku moja mjukuu, akiwa bado mwanafunzi, alileta kitabu cha shule chenye picha ya mifupa iliyosimamishwa. Akasema huyu ni mtoto aliyechimbuliwa Nariokotome, kando ya lugga, mto wa mchanga, alilala kifudifudi kwenye matope, mifupa yake karibu yote ipo, sasa yuko Nairobi kwenye makumbusho. Mke mwenzangu alikuwa akisuka paa. Aliteremka.

Mjukuu alimweleza, na akaendelea kumweleza miaka yote iliyofuata, kwamba yule ni wa zamani sana, miaka milioni na zaidi. Mke mwenzangu alisikiliza kwa heshima. Halafu anauliza, "Aliyehesabu hiyo miaka alikuwa amekaa wapi?" Na kwa nini mtoto wa kimo kilekile, lugga ileile, kifudifudi? Tangu picha ile alikuwa na jambo moja tu duniani. Amwone kwa macho yake. Kama ni yeye, atanyoa, na akifa atazikwa kama mama aliyezika. Kama si yeye, basi ajue.

Jicho moja lilikuwa limeshaingia ukungu na la pili limeanza, ndipo mjukuu akaitwa Nairobi kwenye semina ya walimu, akasema twendeni wote, au hatutakwenda tena. Jirani yetu Kakuma, mama wa Kisomali anayeuza nguo, ana dada yake Eastleigh. Akampigia simu, tukapata pa kulala. Shemeji akasema hatuwezi kwenda bila mtu anayejua mji. Akabeba kigoda chake cha kukalia, kile ambacho mzee wa kwetu akikiacha nyumbani anajiona uchi.

Tulitoka Kakuma asubuhi, Lodwar tukapanda basi. Pale Kainuk, tulipovuka daraja na milima ikatufunga, mke mwenzangu alinishika mkono.

"Amenyamaza," akasema.

Nikamuuliza nani, kama mjinga.

"Tangu daraja. Hapigi tena."

Akaniangalia kwa lile jicho zima na nikaona ana matumaini, na matumaini yake yalinitisha kuliko huzuni yake. Kwa hesabu yake, kama mtoto amenyamaza nyuma yetu, ni kwa sababu yuko mbele yetu.

Nairobi kulikuwa baridi. Eastleigh ilimshangaza shemeji kwa sababu haikufanana hata kidogo na alivyotuambia. Alituahidi nyumba za chini zenye bustani; tukakuta maduka juu ya maduka, nguo zinaning'inia mpaka juu, watu wanapita na mizigo kichwani wakisema Kisomali. Mjukuu akasema ni Kakuma iliyosimamishwa wima. Shemeji akasema wameihamisha ile ya zamani.

Siku ya kwanza makumbusho yalikuwa yamefungwa kwa sababu fulani, sikuielewa, kwa hiyo mjukuu alitutembeza mjini. Hapo ndipo tulipofanya kosa letu. Kwetu ukipita kaburi la mtu mzima, unatoa tumbaku kidogo, unaiweka, unamwambia tuko hapa, tunapita, usituzuie. Basi tulipofika kwenye sanamu ya kwanza, mtu wa shaba amesimama juu ya jiwe katikati ya barabara, mke mwenzangu alifungua pembe ya shuka yake, akachukua tumbaku, akaiweka miguuni pa jiwe. Na mimi nikaweka. Shemeji naye akaweka, na akamwambia yule mtu habari za mvua. Mjukuu alikuwa anasoma simu. Alipoinua macho, askari wa kanjo, wale wa jiji, amesimama juu yetu anataka kujua ni unga gani huo tunaotega barabarani.

Mjukuu alimweleza. Askari akaionja kwa ncha ya ulimi, akapiga chafya, akasema, "Shosho, hapa hakuna maiti. Ni sanamu tu."

Mke mwenzangu akauliza amelala wapi basi. Askari akasema hajui, kuna wengine hawajulikani walizikwa wapi, ndiyo maana wamewekewa sanamu. Kisha akatuambia tuendelee polepole, magari.

Jambo hilo lilimshika mke mwenzangu siku nzima. Kila jiwe tulilofika aliuliza yupo au hayupo. Yule mzee wa shaba aliyekaa kwenye kiti, mbele ya lile jumba refu la duara? Hayupo hapa, yuko kule ng'ambo, kwenye uzio wenye askari na bendera. Wale askari watatu wa shaba wenye bunduki? Hawapo, walikufa vita vya Wazungu, mbali. Shemeji akawa anajibu kabla ya mjukuu, "Hayupo," kama mtu anayeitisha majina darasani, mpaka mimi nikacheka. Mke mwenzangu hakucheka. Alisema huu mji umejaa watu ambao hawapo na wote wamepewa mahali pa kusimama.

Mchana mjukuu alitupeleka kwenye bustani ndogo, pale jengo lilipoangushwa na bomu na watu wengi wakafa. Kuna ukuta wenye majina. Alitaka tupumzike tu kwenye nyasi. Mke mwenzangu aliupapasa ule ukuta, vidole vikaingia kwenye herufi, akauliza ni nini. Akaambiwa. Akasema, soma.

Mjukuu akasoma. Majina ya kila upande wa Kenya, ya Wazungu pia. Alisoma mpaka sauti ikakauka, akataka kuishia hapo. "Maliza," mke mwenzangu akamwambia, "usimwache mtu katikati." Nilisimama nyuma yake, nikaona anasikiliza kwa kichwa kilichoinama upande, namna ile ya jioni, akisubiri mbinja. Majina yakaisha. Haikuja.

Kesho yake tukaenda makumbusho. Mlangoni kuna mashine ya kupitisha mizigo, na shemeji alikataa kuachia kigoda. Akasema mzee hapitishi kiti chake kwenye mdomo wa chuma. Kijana wa mlangoni akasema basi mzee pita nacho mkononi, ila usikae kwenye njia. Tukapita ndege waliojazwa pamba, macho ya vioo, tukapita tembo. Shemeji aliwasalimia. Mke mwenzangu hakutazama kitu. Alinishika kiwiko akatembea kama mtu anayeitwa.

Aliyetuongoza alikuwa msichana wa hapo hapo, mpole, kanga shingoni kwa baridi. Mjukuu alikuwa amemnong'oneza jambo letu, naona, kwa sababu alipotufikisha kwenye kile chumba aliwaambia wageni wengine wasubiri kidogo nje. Chumba kina giza kiasi, mwanga umewekwa pale tu panapotakiwa. Na ndani ya kioo, amesimama.

Ni mdogo. Nilifikiri atakuwa mkubwa, kwa vile kila mtu anamzungumza. Mbavu zake zinahesabika kama za mbuzi wa kiangazi. Mikono imening'inia, haina vidole. Miguu imekatika chini. Rangi ni ya udongo wetu, ile ya kando ya lugga maji yakikauka. Hilo nalisema kwa hakika, hakuna aliyehitaji kuniambia ametoka wapi. Na nilipoziona zile mbavu, moyo wangu ulisema ni yeye. Mimi, ambaye miaka yote nilimwona mke mwenzangu kuwa na kichaa kidogo. Nilimwona mtoto anakuja kutoka malishoni.

Mke mwenzangu alisogea mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Akaufuta kwa shuka. Alianzia miguuni. Akapanda taratibu, goti, nyonga, mbavu, bega, kwa lile jicho moja, kama anayemwogesha. Alipofika usoni alisimama muda mrefu. Akaniuliza, sauti ya chini, "Wewe unaona vizuri. Mdomo wa chini, mbele. Kuna nini?"

Nikatazama.

Lazima niseme hapa, kwa wasiotujua. Kwetu mtoto akishaota meno ya pili, hung'olewa mawili ya chini, ya katikati. Mimi sina, mke mwenzangu hana, shemeji hana. Mjukuu anayo, ni wa siku hizi. Mtoto yule wa mke mwenzangu aling'olewa mvua moja kabla ya kwenda ziwani, na aliyemshika kichwa mapajani ni mimi, kwa sababu mama mzazi hawezi. Hakulia. Alitema damu mchangani, akaingiza ulimi kwenye pengo akajaribu mbinja, ikatoka hewa tupu, tukacheka mpaka akakasirika. Akafanya mazoezi mpaka akaipata upya.

"Kuna meno," nikasema.

"Yale mawili?"

"Yapo."

Akamwita na shemeji athibitishe. Shemeji alikunja uso kwenye kioo, akatazama huku na huku, na nilijua kwamba kama angeweza kumdanganya angemdanganya. Akasema, "Yapo, mke wa kaka. Yote."

Mke mwenzangu akapitisha ulimi kwenye pengo lake mwenyewe. Nilimwona. Kisha akamwambia msichana kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Huyu si yangu."

Msichana akasema pole, shosho. Hakuanza habari ya miaka milioni, na kwa hilo namwombea baraka popote alipo. Mke mwenzangu akamuuliza mama yake huyu yuko wapi. Msichana akasema mama yake hajaonekana. Wamechimba sana pale, hakuna mwingine. Mke mwenzangu akauliza nani alimlilia. Msichana akasema hilo hatujui.

Mke mwenzangu akafungua pembe ya shuka. Msichana akasema hapa ndani hairuhusiwi kuacha kitu, wadudu wanakuja, lakini akageuka akawa anarekebisha kanga yake, akachukua muda mrefu kuirekebisha. Tukatoka. Sikutazama chini.

Tulikaa Nairobi mpaka semina ya mjukuu ikaisha. Tulipandishwa juu ya lile jumba la duara na tukaona mji wote, na shemeji akatuonyesha duka alilolilinda, mara upande huu, mara ule. Mke mwenzangu alikula kidogo na hakusema mengi. Nilimwogopea njia ya kurudi. Mtu amemtafuta mtoto wake mahali pa mwisho na hakumkuta, atarudi na nini?

Kainuk tulifika mchana. Daraja likapita chini yetu. Nilikuwa namtazama yeye, sikutazama mto. Mkono wake ulikuwa ukivunja biskuti na ukasimama. Kichwa kikainama upande.

"Yuko," akasema. Akanipa nusu ya biskuti.

Tulilala Lodwar kwa ndugu wa mjukuu, karibu na lugga. Asubuhi mke mwenzangu alikaa chini ya mkoma, akavua shanga zake shingoni, kamba kwa kamba, nyingi, akaziweka kwenye mapaja. Akaniambia nilete wembe.

Nikafikiri amekubali. Nikaanza kulia, kusema kweli nililia kwa raha kidogo, mambo yameisha. Akaniambia, usililie usichokijua. Si kwa wangu. Ni kwa yule wa kwenye kioo.

Shemeji alikuwa kwenye kigoda chake, akasimama. Akasema hiyo haiko. Watu hunyoa kwa ajili ya mtu wa boma lao. Yule ni wa ukoo gani? Babake nani? Mbuzi gani atachinjwa, na boma gani, na nani atakula? Alisema vizuri, yote ni kweli.

"Alikutwa kwetu," mke mwenzangu akamjibu. "Mtu akikutwa amekufa mlangoni pako, wewe unamuuliza ukoo kwanza?"

"Na wako?"

"Wangu anachunga."

Shemeji akasema ni mwanamke mwenye kichwa cha punda, na kaka yake alimwambia hivyo mapema. Kisha akaenda mwenyewe kuleta maji.

Nikamnyoa. Nywele zake zilikuwa nyeupe na nyepesi, upepo wa Lodwar ulizichukua kabla hazijafika chini. Nilipokuwa nyuma ya sikio alisema, kwa sauti ya mtu anayeeleza njia ya kisimani, kwamba huko kaskazini, au ng'ambo ya mpaka, huenda kuna mwanamke aliyemkuta mtoto wa watu kwenye lugga yake, mwenye pengo la meno, asijue ni wa nani. Labda alinyoa. Labda hakunyoa kwa sababu alikuwa na shemeji kama huyu. "Mimi yangu nimefanya," akasema. Nikamaliza upande wa pili.

Alikufa mvua zilipoanza, hapa Kakuma, mchana, watu wamejaa nyumbani. Nywele zilikuwa zimeota kiasi cha kidole. Tulinyoa kwa ajili yake, wote, hata mjukuu, akaenda shuleni na kilemba na watoto wakamcheka. Shemeji akaniambia sasa tumnyolee na kijana mara moja, wembe ule ule, tufunge jambo hili, kwa sababu mama aliyebaki ni mimi na neno ni langu. Nilishika ule wembe. Nikauliza, nani amemwona? Sikupanga kuuliza hivyo. Shemeji alinitazama kama mtu aliyesikia sauti ya chumba kingine.

Basi bado. Kijana hatujamnyolea, na mimi ni mzee.

Haya ni kama ninavyoyakumbuka, na watu husema sisahau. Lakini mtu anaweza kukumbuka jina la kila mtu na akakosea njia waliyopita. Kama wewe unayesoma ulichunga upande wa Nariokotome mwaka ule wa ukame, au ulikimbilia Todonyang, au Kaikor, au hata ng'ambo, na unamjua kijana mrefu aliyepiga mbinja kwa pengo, au unajua kwamba mambo yake hayakwenda kama nilivyosema, kwamba mimi nimekosea mahali, njoo Kakuma unirekebishe. Uliza mwalimu mwenye bibi asiyekubali kumnyolea kijana, watakuonyesha. Jina la kijana nitakuambia nikikuona.